Tawi Lisilo na Shina

Programu ya zamani ilikuwa bado inatafuta. Ilianza kazi hiyo Namkunda akiwa hajazaliwa, na kwa mwendo wake ule wa kobe ingemaliza wajukuu zake wakiwa na mvi. Ilimchukua mtu mmoja kati ya wote waliolala ndani ya mlima, ikapitia kumbukumbu zote, mstari kwa mstari, kuwatafuta wanawe. Ikimaliza, ilimchukua mtu wa pili na kurudi mwanzo kabisa, kama vile haijawahi kupita pale. Mistari yenyewe nayo haikuwa na mpangilio. Mtoto alitangulia mzazi, ndugu wa tumbo moja walitawanyika huku na kule, na kila mstari ulibeba vitu vitatu tu: namba ya mtu, jina lake, na namba ya mzazi wake.

"Izime," Namkunda alisema.

Daktari Sekiete Mchome, mkuu wa Uamsho, alimtazama kana kwamba ameambiwa azime jua. "Binti, hii babu yangu aliikuta inafanya kazi."

"Na yangu itamaliza kabla makande hayajaiva. Izime, Daktari, tafadhali. Maji hayatungoji."

Hapo alimpata. Maji ndiyo yaliyokuwa yakiwakosesha wote usingizi. Zamani za Joto Kuu, mito ya Upare ilipokauka na mifugo kuangukia njiani, watu laki tatu na ushei waliingia ndani ya mlima wa Shengena na kulazwa kwenye vyumba vya barafu, waje waamke nchi itakapopoa. Walinzi wachache walibaki macho kuwatunza. Wakaoana, wakazaa, wakafa, wakaachiana funguo, na Namkunda na Sekiete walikuwa vitukuu wa vitukuu wa walinzi hao. Sasa nchi ilikuwa imepoa kweli. Huko nje mvua zilikuwa zimerudi na majani yanafika kiunoni. Lakini mvua hizohizo ziliubomolea njia mto wa chini ya mlima, ule uliozungusha mitambo ya baridi, nao ukaanza kuhama kidogokidogo. Barafu ikiyeyuka kabla watu hawajaamshwa, hakutakuwa na wa kuamshwa.

Wala kumwamsha mtu halikuwa suala la kufungua mlango. Walinzi wa kwanza walijaribu kwa watu wachache, wakawaamsha mbele ya nyuso ngeni. Wale watu walifumbua macho, wakatazama kushoto, wakatazama kulia, hawakumwona wanayemjua, wakayafumba tena. Hapakuwa na ugonjwa. Walikataa tu. Tangu hapo ikawa sheria kwamba mzazi aamke kwanza, apate nguvu, kisha akae kando ya kitanda cha mwanawe na kumshika mkono. Kwa bahati, kabla ya kulazwa kila mtu alikuwa ameulizwa amtaje mzazi mmoja atakayemshika mkono, na asiye na mzazi mle ndani aliachiwa nafasi tupu. Kwa hiyo uamsho ulihitaji mti: mizizi kwanza, kisha mashina, kisha matawi, mpaka jani la mwisho.

Sekiete akaizima programu ya babu yake, shingo upande.

Namkunda akaanza. Alimwonyesha kwenye kioo, polepole, kwa mistari michache ya mwanzo. "Huyu hapa ni Nakijwa. Namfumia kikapu chake, nakiweka rafuni kwenye namba yake. Mzazi wake ni huyu. Je, kikapu cha mzazi kipo?"

"Hakipo. Mzazi mwenyewe mstari wake uko mbele huko, hatujaufikia."

"Basi nakifuma sasa hivi, kitupu, nakiweka kwenye namba ya mzazi, na Nakijwa namtia ndani. Mzazi atakapofika atamkuta mwanawe ameshamtangulia, anamsubiri."

Sekiete alikunja uso. "Na utamtafutaje mzazi huyo kati ya laki tatu?"

"Simtafuti. Namba yake ndiyo mahali pake. Ukijua namba ya nyumba ya mtu, unabisha hodi mtaa mzima wa nini?"

"Kwa hiyo unapita mara ngapi?"

"Moja."

Namkunda alibonyeza, na mistari ikaanza kupita.

Walikuwa wamezima taa za ukumbi ili mti uonekane kwenye dari ya mwamba. Kwanza ilitokea nukta moja ya mwanga, kisha nyingine mbali nayo, kisha vumbi zima la nukta zisizojuana. Namkunda aliogopa kwamba zitabaki hivyohivyo. Halafu zikaanza kushikana. Mtoto aliyekuwa peke yake pembeni alinyoosha uzi akamshika mama, na mama palepale akamshika babu, na kwa mshiko huo mmoja ukoo mzima uliokuwa umetawanyika ukasimama. Huku na huku dari yote ilikuwa inafanya hivyo, maelfu kwa maelfu, bila kelele. Watu waliolala bila kujua kama kuna anayewakumbuka walikuwa wanarudishwa kwa wenyewe. Namkunda alijua kila amri aliyoiandika, na bado mwili ulimsisimka. Alichoandika ni kikapu na namba tu. Hakuandika kitu chochote cha kufanya koo nzima zisimame namna hiyo.

Sekiete alikuwa analia waziwazi, na hakujipa taabu ya kujificha.

"Wote hawa," alisema. "Mungu wangu. Wote hawa tulikuwa tunawaita namba."

Mistari ilikwisha. Kweli makande yalikuwa hayajaiva.

*

Kilichomtia Namkunda wasiwasi ni ukimya. Mashine ikikosea kawaida hupiga kelele, na hii haikulalamika hata kidogo. Akaamua kuhakikisha. Alitembea kutoka kwenye kila mzizi mpaka kwenye majani yake yote, akihesabu kila aliyemgusa, kisha akahesabu vikapu vilivyokuwa rafuni. Vikapu vilikuwa vingi kuliko watu wa kwenye mti.

"Haiwezekani," Sekiete alisema. "Si ulisema kila mtu ana kikapu?"

"Anacho. Ila kuna vikapu ambavyo ukitoka kwenye mizizi huvifikii."

Alikichukua kimoja kati ya vile vilivyoachwa. Kilikuwa cha mwanamke aitwaye Nanzia. Akapanda kwa mzazi wake, akapanda tena, mpaka akafika kwa mtu aitwaye Eliapenda. Mzazi wa Eliapenda aliandikwa kuwa Mavura. Akapanda kwa Mavura huyo. Mzazi wa Mavura aliandikwa kuwa Eliapenda.

Namkunda alidhani kidole kimeteleza. Akarudia. Eliapenda, mzazi wake Mavura. Mavura, mzazi wake Eliapenda. Wawili hao walikuwa wameshikana mikono na kuzunguka peke yao gizani, na chini ya Eliapenda lilining'inia tawi kubwa zima, wana, wajukuu, vitukuu, zaidi ya watu mia mbili wasio na shina. Mti ulikuwa umesimama vizuri kabisa bila wao. Kama asingehesabu, uamsho ungefanyika, watu wangekumbatiana, na hawa wangeachwa kuyeyuka na barafu yao bila mtu kujua kwamba walikuwapo.

"Mtu hawezi kuwa baba wa baba yake," Sekiete alisema. "Mstari mmoja ni wa uongo. Ufute."

"Upi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Mmoja wa wale wawili alikuwa mzazi na mwingine mtoto wake, na mistari haikutaja umri. Vyumba vya barafu havikuwa na dirisha, na kukifungua chumba ndiyo kumwamsha aliyemo. Ukimwamsha mzazi kwanza, umepona. Ukikosea, umemwamsha mtoto, pengine mdogo kabisa, mbele ya nyuso ngeni. Kuwaamsha pamoja nako ni bure, kwa kuwa anayeamka huchukua siku nzima kabla ya kuweza kumshika mtu mkono.

"Halafu kuna sheria," Sekiete akaongeza kwa sauti ya chini. "Neno la aliyelala haliguswi."

Namkunda aliijua sheria hiyo, na nani mlimani hakuijua? Zamani mlinzi mmoja alikutwa akihamisha mistari ili ndugu zake waamke mapema. Kesi yake iliwashinda wazee wa vizazi viwili, na watu wa mlimani kwa kesi hawajambo. Tangu siku hiyo, aliyegusa neno la aliyelala alinyang'anywa funguo yeye na watoto wake, akafukuzwa kwenye ulinzi.

"Kwa hiyo tuwaache?"

"Sijasema hivyo. Nimesema sijui, Namkunda. Sijui."

*

Baba yake Namkunda, Senkondo, alikuwa fundi wa mitambo ya maji. Siku hizo kazi yake kubwa ilikuwa kuutazama mto ukimkimbia. Alimkuta binti yake amejiinamia mezani, akamwekea sahani ya makande mbele yake na kuvuta kigoda.

"Mama, kula."

"Sina njaa, baba."

"Mama yangu mzazi hakunisumbua hivi. Yeye alikuwa anakula, tena anaomba nyongeza. Umechukua jina lake, ukaiacha tabia yake kwa nani?"

Namkunda alicheka kidogo bila kutaka. Tangu azaliwe baba yake hakuwahi kumwita mwanangu. Alimpa jina la mama yake, basi akawa mama. Hata mbele za watu alimtambulisha hivyo, kwa uso mkavu kabisa: *huyu ni mama yangu*. Wageni kutoka mapango ya mbali walibaki wameduwaa, wakimtazama mzee wa mvi na mama yake wa miaka ishirini na ushei.

Kijiko kikamkwama mkononi.

"Baba. Siku nilipoandikishwa kwenye ulinzi, walipokuuliza mimi ni nani yako, ulisemaje?"

"Nilisema wewe ni mama yangu. Mwandishi akakasirika, akasema anataka majibu ya kweli." Senkondo alitabasamu. "Nikamwambia hilo ndilo la kweli."

"Kule aliuliza mtu. Kwa hawa waliolala iliuliza mashine." Namkunda alikuwa amekwishasimama. "Iliwaambia wagusishe bangili yao yenye namba kwa bangili ya mzazi. Eliapenda alikuwa amempakata mwanawe wa mwisho. Mashine ikamuuliza, nani atakushika mkono? Akasema, baba. Akaigusa bangili ya mtoto."

"Kwa mzaha?"

"Au kwa hofu. Au kwa kumpenda tu, sijui. Mtoto anaitwa Mavura, baba. Kama alipewa jina la babu yake, basi mahali fulani mle ndani kuna Mavura mwingine."

Alitafuta, na alikuwepo. Alikuwa kwenye mti tangu mwanzo, kwenye ukingo kabisa wa dari: mzizi mmoja mkavu, Mavura, nafasi ya mzazi tupu, na chini yake hakuna mtu hata mmoja.

*

"Inawezekana," Sekiete alisema baada ya kumsikiliza. "Lakini Mavura ni jina la watu. Ninao watatu kwenye ukoo wangu. Vipi kama yule wa kwenye kitanzi ndiye baba, na Eliapenda ndiye mtoto, amepewa jina la babu aliyekufa kabla ya Joto? Mzaha utakuwa uleule, ila umeelekea upande wa pili."

"Ndiyo maana sitaki kukisia juu ya mtoto. Nataka tumwamshe mzee tumuulize."

Daktari aliinuka, akatembea mpaka ukutani, akarudi. Mizizi haikuwa na mzazi wa kuishika mkono. Kwa utaratibu ulioachwa na walinzi wa kwanza, iliamshwa kwa namna nyingine: barafu ikianza kulegea, mlinzi alimwinamia mtu na kumnong'oneza jina la mwanawe, *fulani anakungoja*, tena na tena, na mtu alilifuata jina hilo mpaka juu. Mzizi usio na mtoto haukuwa na jina la kuitiwa. Hao waliachwa wawe wa mwisho, waamke watu wakishajaa na kelele za maisha zipo.

"Utamwita kwa jina gani?" aliuliza, ingawa alilijua jibu.

"Eliapenda."

"Na kama si mwanawe? Umemdanganya mtu akiwa mahali ambapo hawezi kukuuliza swali. Atalisikia jina lisilomhusu, atageuka, atarudi alikotoka. Yeye hajakosa lolote. Amelala zake, yuko kwenye mti, tukifuata utaratibu anaweza kuishi. Unamfanya ufunguo wa mlango wa watu wengine."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua, Daktari!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nikimwamsha nikakosea, nimemuua mzee wa watu. Nikikisia nikakosea, nimemuua mtoto. Nikikaa kimya sitakuwa nimekosea, na watu mia mbili watakufa huku mikono yangu ni safi. Hiyo mikono safi siitaki. Kama yule mzee ni babu yao, na tungeweza kumuuliza kabla, angejibu nini?"

Sekiete alivaa joho lake jeupe la Uamsho, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, na akatangulia kuelekea ngazi za vyumba vya juu.

Mlango wa barafu ulipofunguka, Namkunda alisahau alichokuja kufanya. Hakuwahi kumwona aliyelala. Hakuna mtu aliyekuwa hai ambaye amewahi kumwona. Mzee alikuwa na makunyanzi ya jua kwenye pembe za macho, jua lile ambalo hakuna mlinzi aliyekulia chini yake, na kwenye kucha za mikono yake kulikuwa na udongo. Alikuwa amelima siku aliyolazwa. Nchi inakauka, watu wanaingia mlimani, naye alikwenda shambani kwanza. Namkunda alipiga magoti kando yake.

Joto likaanza kupanda. Sekiete alishika kifundo cha mkono wa mzee na kumwashiria Namkunda kwa kichwa aanze.

"Eliapenda anakungoja," Namkunda alimnong'oneza sikioni. "Mzee Mavura, Eliapenda anakungoja."

Hakikutokea kitu. Akarudia. Akarudia mpaka maneno yakapoteza maana, yakawa pumzi tu. Uso wa mzee ulianza kupata rangi, kisha ile rangi ikasita, na kwenye paji la uso ikatokea ndita moja, kama ya mtu aliyeitwa na mtu asiyemjua.

"Mapigo yanashuka," Sekiete alisema.

"Eliapenda anakungoja. Tafadhali. Eliapenda."

"Namkunda, yanashuka."

Alihisi machozi yakimfika kidevuni na hakuyafuta. Alitaka kumwomba mzee msamaha lakini hakuthubutu kuliacha lile jina, akaendelea kulisema, safari hii si kwa kunong'ona tena bali kwa kuita, kama anavyoitwa mtu aliye ng'ambo ya bonde, akilivuta mwishoni ili lifike. Sauti yake ikagonga mwamba, ikarudi, ikatoka mlangoni na kwenda zake kwenye ngazi.

Mzee akafumbua macho.

Akatazama kushoto, akamwona Sekiete. Akatazama kulia, akamwona Namkunda. Hakumjua hata mmoja wao. Namkunda aliona kope zikianza kulegea, na kila alichofundishwa kuhusu dakika ile kikamtoka kichwani. Likabaki lile moja ambalo mtu halisahau mbele ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Mavura. Ilimtoka yenyewe. Sauti ilikuwa ya mkwaruzo, lakini ilikuwa ya mtu mwenye kwao. Alimeza mate kwa shida, akayazungusha macho chumbani tena, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe mahali fulani.

"Mzee," Sekiete alisema, "Eliapenda ni nani wako?"

"Eliapenda mtu mzima, atakuja kwa miguu yake." Mzee alionekana kuudhika kwa kuulizwa jambo dogo namna ile. "Somo yangu yuko wapi?"

Namkunda alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Wajina wake. Mtoto aliyebeba jina lake. Sekiete alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua, na alipokiinua aliitoa bangili ya funguo za kumbukumbu mkononi mwake mwenyewe, akamkabidhi Namkunda. Ile iliyokuwa ikifungua mistari ya waliolala. Kwa hiyo watakaposimamishwa kwenye kesi, watasimama wawili.

Aliifanya kazi hiyo palepale, kwenye kioo kidogo cha mlangoni, akiwa bado amepiga magoti. Aliondoa namba moja kwenye mstari wa Eliapenda na kuweka nyingine. Kisha akaipitisha mistari yote upya, mara moja, na kupitia mlango uliokuwa wazi wakaiona dari ya ukumbi kule chini. Ule mzizi mkavu wa ukingoni ukanyoosha uzi, na tawi zima lililokuwa gizani likaja kwa mkupuo, wana na wajukuu na vitukuu, likatua mahali pake. Mzee Mavura naye aliuona ule mwanga, ingawa hakujua ni nini.

"Anakuja," Namkunda alimwambia. "Kwanza wewe upate nguvu. Halafu umshike mkono Eliapenda. Halafu Eliapenda amshike yeye."

Mzee alifikiri. Alijaribu kuinua mkono, ukamshinda, akajaribu tena.

"Basi nikalisheni," alisema. "Somo yangu hawezi kuja akanikuta nimelala."